Usicheke, Nina Swali

Saa tano usiku, Mturuki mmoja alituandikia kwamba mamake ameingia mjini kutoka kijijini, "and he is very tired." Kabla sijamaliza kusoma, Mbrazili alikuwa ameshajibu: mpe mama pole, na umwambie ndevu zimemkaa. Ikafuata picha ya mbuzi. Mimi nilicheka hadi nikashika mbavu, halafu nikanyamaza, maana asubuhi ya siku hiyo hiyo nilikuwa nimemwita bosi wangu "he" mbele ya watu sita, na bosi wangu ni mama wa watoto watatu.

Nikawaambia. Mturuki akauliza, kwenu mnasemaje? Nikamjibu kwamba kwetu ni "yeye" na basi, awe nyanya awe babu. Akasema kwao ni "o," herufi moja tu, na inawatosha wote. Dada wa Hungaria, ambaye huongea mara moja kwa wiki, akaibuka: hata kwetu ni hivyo. Dakika tano baadaye kesi ilikuwa imegeuka. Mshtakiwa hakuwa tena Mturuki. Alikuwa Kiingereza chenyewe, kinachotaka kujua kama mtu ni mume au mke kabla hakijakuruhusu kusema amechoka. Mbrazili, ambaye lugha yake inaipa hata meza jinsia, ndiye aliyebaki akijitetea.

Niliingia katika kundi hilo la simu kwa ajili ya binamu yangu, anayejiandaa kwa mtihani wa Kiingereza ili akafanye kazi ya uuguzi Uingereza. Niliingia kama mtu wa kusaidia. Si mimi ni Mkenya? Nimesoma kwa Kiingereza tangu shule ya msingi, nimeomba kazi kwa Kiingereza, nimeachwa kwa Kiingereza. Wiki ya kwanza mtu akaniuliza mbona tunasema "in the morning" lakini "at night." Niliandika jibu, nikalifuta. Nikaandika lingine, nikalifuta. Nilichokuwa nacho kilikuwa mazoea, sio maarifa. Katika miaka yote hiyo ya shule sikumbuki hata siku moja nikiuliza swali kama hilo, wala sikumbuki mwenzangu akiuliza.

Kwa hivyo nataka kuliangalia cheko la wanafunzi wa Kiingereza jinsi tunavyoangalia tamthilia: nani anacheka, nani anachekwa, na kicheko kikiisha, nani amebaki na nini mkononi. Nadhani kuna vicheko vya aina mbili. Kimoja kinafungua swali na kingine kinalifunga. Sisi Wakenya tumelelewa na hicho cha pili, na kimetugharimu.

Tuanze na darasa ambalo wazazi wetu wanalijua. "Mind Your Language" ilianza kuonyeshwa na ITV ya Uingereza tarehe 30 Desemba 1977. Mwandishi wake alikuwa Vince Powell. Barry Evans alicheza kama Bwana Brown, mwalimu mpole wa darasa la jioni jijini London, na mbele yake wameketi wageni: Mhindi, Mpakistani, Mgiriki, Mwitaliano, Mhispania, Mjapani, Mchina, Mfaransa, Mjerumani. Mwaka 1979 ilikatizwa, na sababu inayotajwa sana ni kwamba wakuu wa televisheni waliona inawadhalilisha wageni. Kwetu iliendelea kuishi. Mtu yeyote aliyekulia mbele ya televisheni ya taifa zamani hizo atakuigizia Ranjeet na Ali bila kuombwa, pamoja na ile kutikisa kichwa.

Niliitazama tena mwaka huu, vipindi kadhaa mfululizo. Nitasema ukweli: nilicheka. Imeandikwa na mtu anayejua muda wa kichekesho. Lakini baada ya kipindi cha tatu nikaanza kuona jinsi mashine inavyofanya kazi. Mwanafunzi anakosea, watu wanacheka, tunasonga. Mwanafunzi mwingine anakosea, watu wanacheka, tunasonga. Kosa linaingia likiwa limekamilika na linatoka bila kuguswa. Karibu hakuna anayeuliza limetoka wapi. Mhispania Juan harekebishwi akajua kitu kipya, maana akijua, kesho atakosa kazi. Kichekesho kinamhitaji abaki pale pale.

Mwangalie Taro, Mjapani. Kichekesho chake kikubwa ni kuongeza "o" mwishoni mwa maneno ya Kiingereza. Watu Nairobi walivunjika mbavu. Lakini hebu subiri kidogo. Aliyekuwa akimcheka Taro alikuwa amevaa nini? Shati. Pesa zake zilikuwa wapi? Benki. Alikula nini siku ya Krismasi? Keki. Kijapani hakipendi neno liishie kwa konsonanti, na Kiswahili vivyo hivyo, kwa hivyo sote wawili tunaliwekea neno la mgeni vokali ili lipate pa kukalia. Taro alikuwa ndugu yetu wa karibu kuliko mtu mwingine yeyote darasani mle, na sisi tulikaa upande wa Bwana Brown tukamcheka. Tulidhani tunaangalia darasa kutoka mlangoni, kumbe dawati letu lilikuwa ndani.

Lakini tusiionee tamthilia hiyo. Ina kitu kizuri ambacho waliomkemea Powell mara nyingi hawakitaji: wanafunzi wale wanarudi. Ali na Ranjeet wanagombana kuhusu dini na mipaka, halafu jioni inayofuata wako pale pale, dawati kwa dawati. Akiingia mkuu wa shule, Bi Courtenay, darasa zima linakuwa kitu kimoja. Kuna urafiki mle ndani. Ila urafiki huo haujapewa lugha yake. Hatuwaoni wakikaa wawili nje, bila mwalimu, mmoja akimuuliza mwenzake: wewe hili neno umelielewa vipi? Mazungumzo hayo ndiyo ningelipa pesa kuyaona.

Kuna mtu aliyeyaandika miaka arobaini kabla. Leo Rosten alizaliwa Poland, akalelewa Chicago katika familia ya wahamiaji, na akiwa kijana alifundisha wahamiaji wazima Kiingereza usiku. Mwaka 1937 alitoa kitabu kuhusu mwanafunzi aitwaye Hyman Kaplan, katika shule ya usiku jijini New York. Kaplan anakosea kila kitu, na bado yeye ndiye mfalme wa darasa. Jina lake analiandika kwa herufi nyekundu, akaweka nyota katikati ya kila herufi, kama bango la sinema. Na hapo ndipo tofauti ilipo: Kaplan anabishana. Kazi yake ikiandikwa ubaoni, wenzake wanaishambulia, hasa Bi Mitnick, mwanafunzi makini asiyependa mchezo, naye anaitetea kwa mantiki ambayo mwalimu, Bwana Parkhill, anashindwa kuivunja. Tunacheka, ndiyo, lakini tunacheka tukijiuliza kama huenda Kaplan ana haki na Kiingereza ndicho kimekosea. Rosten aliwahi kukaa karibu na watu kama hao, na inaonekana. Kwake kosa lina akili ndani yake, na kazi ya darasa ni kuitafuta.

Hicho ndicho ninachokiona kwenye kundi letu siku ikiwa nzuri. Mjerumani alituandikia kwamba anataka "to borrow" jirani yake ngazi. Mbrazili akamuuliza jirani huyo ana uzito gani, na anamwazima kwa siku ngapi. Baada ya kelele kutulia, Mjerumani akaeleza kwamba kwao neno ni moja, "leihen," ukitoa ama ukichukua, na hajawahi kujua lipi ni lipi kwa Kiingereza. Hapo nikajikuta nafundisha. Nikamwambia Kiswahili kinakopa na kinakopesha. Kinapanga nyumba na kinapangisha. Kinajifunza na kinafundisha. Mzizi wa neno unabaki, mkia unabadilika, na mkia ndio unakuambia pesa zinaelekea wapi. Akauliza mbona basi Waingereza wana "borrow" na "lend" lakini "rent" ni moja kwa mpangaji na kwa landlodi. Hakuna aliyekuwa na jibu. Tulilala na swali, na lilikuwa swali zuri.

Siku nyingine aliyechomeka alikuwa mimi. Niliandika "I'm coming," nikaenda kuepua sufuria ya githeri, nikarudi baada ya dakika ishirini. Nilikuta mkutano mzima ukijadili natoka wapi. Umefika? Umekwama kwa trafiki? Tukuletee mwavuli? Ilibidi nieleze kwamba "nakuja" yetu humaanisha naondoka lakini moyo naacha hapa. Mturuki akasema hiyo ni sentensi bora kuliko chochote walichonacho Waingereza, na tangu siku hiyo kila anayeenda kulala anaaga kwa "I'm coming." Kosa langu limekuwa salamu ya kundi. Na sasa najua, kitu ambacho hakuna mwalimu aliyewahi kuniambia, kwamba mgeni akiniona natoka mlangoni huku nikisema nakuja, ana haki ya kuchanganyikiwa.

Usidhani kwamba ni pepo. Tulikuwa na jamaa mmoja aliyejifanya polisi wa sarufi. Kila ujumbe alikuwa na filimbi yake. Siku moja kijana wa Vietnam aliandika, "My grandfather has died yesterday." Polisi akajibu kwa neno moja: "died." Ukaanguka ukimya ambao sijawahi kuusikia kwenye simu. Kisarufi alikuwa sahihi kabisa, ukitaja "yesterday" Kiingereza kinakataa "has." Mtu mwingine akatuma pole, kisha mwingine, na filimbi ikazimika. Siku nne baadaye kijana akarudi na kuuliza mwenyewe: sasa nielezeni, mbona si "has"? Tukamweleza polepole. Nikamwambia pia kwamba Kiswahili kina "alifariki" na "amefariki," na hii ya pili inaacha mlango wazi, inasema jambo bado lipo nasi leo. Akasema hiyo ndiyo aliyokuwa akiitafuta. Jibu lilikuwa lile lile la polisi. Tofauti ni kwamba mara hii lilikuwa na swali lake, na swali lilikuwa na mwenyewe.

Sasa turudi nyumbani. Kwetu kosa la Kiingereza lina jina, kushrub, na lina tasnia nzima nyuma yake. Mchekeshaji asiye na kitu cha kusema bado anaweza kusimama jukwaani akachanganya "l" na "r," na ukumbi ukapasuka. Mbunge akiteleza neno moja, kufikia chakula cha jioni nchi nzima ina klipu. Wanaotetea hili husema ni utani tu, Wakenya wanapenda kucheka, mbona umekuwa serious hivyo? Nami nauliza: utani ni wa watani. Mtani wako anakucheka leo, kesho zamu yake. Kwenye shrub zamu haizunguki. Kuna anayechekwa daima, na mara nyingi ni aliyetoka mashambani, aliyesoma shule isiyo na vitabu, ama mzazi aliyejinyima ili wewe uende shule yenye vitabu.

Ngũgĩ wa Thiong'o alieleza katika "Decolonising the Mind," mwaka 1986, jinsi mambo yalivyokuwa shuleni kwao. Mtoto aliyenaswa akiongea Kikuyu alichapwa, ama alivishwa kibao cha chuma chenye maneno ya kumwita mjinga au punda. Na namna ya kuwanasa ilikuwa kitufe. Asubuhi anapewa mtoto mmoja, naye anampa wa kwanza atakayemsikia akiongea lugha ya nyumbani, na huyo anampa mwingine, hadi jioni wanapotajana wote. Watu hukumbuka fimbo. Mimi hunisumbua kitufe zaidi, kwa sababu kitufe kilimfundisha mtoto kwamba njia ya kujiokoa ni kumsikiliza mwenzake kwa makini mpaka akosee.

Siku hizi hatubebi kitufe mfukoni. Tunabeba simu.

Shangazi yangu ameuza mitumba Gikomba kwa zaidi ya miaka ishirini. Bintiye alipohitimu chuo kikuu, alisimama kwenye hema la kukodi na kushukuru wageni kwa Kiingereza, kwa sababu siku ile aliona inastahili Kiingereza. Alisema vizuri, pole pole. Mwishoni akafumba macho, akainua mikono na kutuambia, "Now let us play." Mimi ndiye niliyekuwa nikirekodi. Mimi ndiye niliyeiwekea muziki wa ngoma mwishoni na kuituma kwa binamu watatu. Kufikia usiku ilikuwa kwenye kundi la familia. Kufikia Jumatatu, mteja mmoja wa Gikomba alimuuliza kama timu imeshapatikana.

Tangu siku hiyo, shangazi kwenye kundi la familia hutuma dole gumba tu. Harambee, dole gumba. Msiba, mikono ya maombi. Mwanamke aliyekuwa akituachia sauti za dakika nne hadi tunazikimbia, tulimnyamazisha kwa sekunde sita. Na sikuona tatizo mpaka yule Mjapani wa kundi letu alipouliza swali lake.

Alianza hivi, kwa Kiingereza chake cha taratibu: tafadhali msicheke, nina swali. Alitaka kujua ulimi unakaa wapi kwenye "l," na wapi kwenye "r," maana masikio yake hayazitofautishi, na juzi mkahawani aliagiza chawa badala ya wali. Tulicheka, bila shaka. Yeye mwenyewe alikuwa ameweka kichekesho pale ili tukipate. Halafu watu wakamsaidia. Kwenye "l" ncha ya ulimi inagusa nyuma ya meno ya juu. Kwenye "r" ya Kiingereza haigusi popote, inajikunja tu na kuning'inia. Mtu akamwambia aweke kidole. Mwingine akatuma sauti. Ndipo nikakumbuka kwamba Kikuyu, lugha ya shangazi, kama Kijapani, hakitenganishi sauti hizo mbili. Mtu wa lugha kama hiyo aliyechekwa kwa kuweka "r" pasipo pake hujifunza kuiogopa, na siku ya sherehe, akitaka kusema vizuri zaidi ya kawaida, anaitoa hata pale inapostahili. "Play" ya shangazi haikuwa uzembe. Ilikuwa bidii iliyopitiliza kidogo. Tulimcheka kwa kujitahidi.

Mjapani alipata jibu kwa sababu alikuwa mahali ambapo kila mtu ni mwanafunzi na anakubali kuwa mwanafunzi. Sisi huku tunajifanya tulizaliwa na Kiingereza, kwa hivyo hakuna wa kuuliza, na kwa sababu hakuna anayeuliza, hakuna anayejua, na kwa sababu hakuna anayejua, tunachekana haraka kabla hatujagunduliwa. Ukinisikia namcheka mtu kwa kushrub, jua natafuta wa kumwachia kitufe.

Mwezi jana shangazi aliitwa mahojiano ya viza. Bintiye anasoma Manchester, na kuna mjukuu. Saa nne usiku simu yangu ikaingia ujumbe kutoka kwake, kwangu peke yangu, wa kwanza wenye maneno baada ya miaka miwili: "Usicheke, nina swali. Wakiniuliza nauza nini, ni clothes ama cloths?"

Nilimpigia. Kabla ya jibu nilimwomba msamaha wa ile klipu. Alikaa kimya, kisha akasema, "Nilijua ni wewe. Wewe ndiye ulikuwa umekaa mbele." Hakusema imeisha, na sikumlazimisha. Tukafanya "clothes." Tukafanya "flight." Halafu nikamweleza ile habari ya ulimi, na yule Mjapani aliyeagiza chawa.

"Kumbe Wajapani pia wanashrub?"

"Sana, anti."

Alicheka. Sikuwa nimesikia kicheko hicho kitambo, kile cha Gikomba, cha mtu aliyemshinda mteja bei. Alicheka yeye kwanza, mimi nikafuata. Nikamsikia ameweka kidole mdomoni, anajaribu: play, pray, play, pray. Mara nyingine zilitoka sawa, nyingine hazikutoka. Hakuonekana kujali sana.

"Sasa niambie lingine," akasema. "Mbona ni in the morning, halafu ikifika usiku inakuwa at?"

Nikamwambia sijui. Nikamwambia kuna watu ningewauliza.